Onyo Kabla ya Zilizala

Bismillahi Rahmani Rahim.



Amma baad. Maudhui ya mazungumzo haya ni zilizala, ambayo katika lugha ya kila siku huitwa tetemeko la ardhi, pamoja na mitambo ambayo wanadamu wameibuni ili wapate habari yake kabla haijawafikia. Hakuna mtoto wa chuoni asiyeijua Surat az-Zalzala, ambayo ni sura ya 99 ya Msahafu, na ambayo huhifadhiwa mapema kwa sababu ya ufupi wake. Lakini ni wachache waliopata kuuliza namna mtikisiko unavyosafiri chini ya ardhi, unachukua muda gani kutoka mahali hata mahali, na mtu anaweza kufanya nini katika muda huo. Maswali hayo ndiyo yatakayojibiwa hapa, kwa kadiri ya nafasi.

Huenda mtu akasema kwamba watu wa Ayivu hawana haja na elimu hii, maana Arua haina mlima wa moto, wala Koboko haisifiki kwa mitetemeko. Jawabu lake ni tarehe moja. Siku ya Jumapili, 20 Mei 1990, yapata saa 11.22 alfajiri, wakati ambao waumini huamka kwa ajili ya sala, ardhi ilipasuka huko kaskazini mashariki ya Juba, katika nchi ambayo leo huitwa Sudan Kusini. Ukubwa wa zilizala ile ulipimwa kuwa kama 7.2, nayo imehesabiwa miongoni mwa zile kubwa kabisa zilizopata kupimwa Afrika katika karne ya 20. Siku nne baadaye, tarehe 24 Mei, ardhi ilitikiswa tena kwa ukubwa wa kama 7. Kutoka mahali ilipoanzia mpaka Juba ni kiasi cha kilomita 70, na mpaka Arua ni kiasi cha kilomita 270. Nambari hizi mbili ziwekwe moyoni, kwa kuwa mazungumzo yote yatazirudia.

Sababu ya mambo haya ni Bonde la Ufa. Mkono wake wa magharibi hupita katika Ziwa Tanganyika, Ziwa Kivu na Ziwa Edward, ukapanda kando ya milima ya Rwenzori hata Ziwa Albert, kisha ukafuatana na mto Nile kupita Pakwach kuelekea Nimule. Mwenye kusafiri kutoka Arua kwenda Pakwach huteremka kutoka nchi ya juu na kuingia bondeni. Mteremko ule ndio ukingo wa Bonde lenyewe. Pande mbili za nchi zinaachana kwa milimita chache tu kila mwaka, mwendo usioonekana kwa macho. Lakini mawe hayanyumbuki kama mpira. Hukaa yakivutana miaka mingi, kisha siku moja hukatika, na nguvu iliyokusanywa kwa miaka hutoka kwa nukta chache.

Uganda imekwisha kulipa gharama ya jambo hilo. Tarehe 20 Machi 1966, kabla ya alfajiri, zilizala ya Toro iliua watu zaidi ya 150 katika Uganda na Kongo, na nyumba kwa maelfu ziliharibika. Tarehe 5 Februari 1994 upande wa Fort Portal ulitikiswa tena kwa ukubwa wa kama 6.2. Na tarehe 10 Septemba 2016, katika siku za kuelekea Idd el-Hajj, zilizala ya ukubwa wa 5.9 ilipiga karibu na Bukoba, ikaua watu zaidi ya 15 na kujeruhi mamia. Majengo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato yaliharibika vibaya. Ilikuwa siku ya Jumamosi alasiri. Lau ingalikuwa saa za masomo, hesabu ya msiba ingalikuwa nyingine.

Yafaa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Kutabiri zilizala, yaani kusema leo kwamba kesho kutwa itatokea mahali fulani, ni jambo ambalo hakuna mtaalamu hata mmoja duniani awezaye kulifanya. Mtu atakayetangaza kwamba ameliweza, na asisadikiwe. Kutoa onyo la mapema ni jambo jingine kabisa. Onyo hutolewa baada ya zilizala kwisha kuanza mahali pamoja, ili habari yake iwafikie watu wa mahali pengine kabla ya mtikisiko wenyewe kuwafikia.

Je, hayo yawezekanaje? Yawezekana kwa sababu zilizala hutuma wajumbe wawili, na wajumbe hao hawaendi mwendo mmoja. Mawe yanapokatika, hutoka mawimbi ya kwanza ambayo huyasukuma na kuyavuta mawe kuelekea kule yanakokwenda. Haya huenda kasi, kiasi cha kilomita 6 kwa sekunde, wala hayana madhara makubwa; mara nyingi huonekana kama kishindo kifupi tu, na wanyama hushtuka. Nyuma yake huja mawimbi ya pili, ambayo huitikisa ardhi kwa upande kama mtu akung'utavyo mkeka. Mwendo wake ni kiasi cha kilomita 3.5 kwa sekunde, na hayo ndiyo yabomoayo kuta. Mjumbe mwepesi, basi, hutangulia, na yule mzito mwenye kudhuru hufuata.

Kila mtu wa Arua hujua kuhesabu kati ya umeme na ngurumo ili apate kujua mvua iko umbali gani. Hesabu ya zilizala ni ya namna iyo hiyo. Anayehisi kishindo cha kwanza na ahesabu sekunde mpaka mtikisiko mkubwa uanze, kisha azidishe kwa 8. Atakachopata ni kilomita zilizopo kati yake na chanzo. Sekunde 5 ni kilomita 40, na sekunde 30 ni kilomita 240. Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini hata mtaalamu aliye mbele ya karatasi ya sismografu huanza nayo.

Sismografu yenyewe si kitu cha ajabu. Asili yake ni uzito ulioning'inizwa kwa springi ndani ya fremu iliyofungwa imara ardhini. Ardhi inapotikisika, fremu hutikisika pamoja nayo, lakini ule uzito hukawia kufuata. Tofauti ya miendo hiyo miwili ndiyo inayoandikwa. Zamani iliandikwa kwa kalamu juu ya karatasi izungukayo, na siku hizi hugeuzwa kuwa nambari na kupelekwa kwa mawimbi ya redio au kwa njia ya intaneti.

Chombo kimoja, hata hivyo, hakitoshi. Lori la mizigo likipita katika barabara ya Arua kwenda Koboko huitikisa ardhi; ng'ombe wakikimbia hutikisa pia, hata radi ikipiga karibu. Chombo kilicho peke yake chaweza kudanganyika. Kwa hiyo hutegwa vyombo vingi, vikasambazwa katika nchi na kuunganishwa kama fundo za wavu mmoja. Chombo cha kwanza kikishtuka, mashine ya hesabu hungoja kuona kama cha pili na cha tatu navyo vitashtuka kwa mpango unaokubaliana na mwendo wa mawimbi. Vikikubaliana, chanzo hujulikana, na ukubwa wake hukadiriwa. Kazi yote hiyo humalizika kwa sekunde chache, na onyo hutolewa. Onyo husafiri kwa redio, ambayo mwendo wake ni sawa na wa nuru, wala mawimbi ya ardhini hayana uwezo wa kushindana nayo.

Sasa na zirudiwe zile nambari mbili. Lau siku ile ya Mei 1990 pangalikuwapo vyombo vya namna hii karibu na chanzo, vikahitaji kama sekunde 10 kusikia, kuhesabu na kutangaza, watu wa Juba, walio kilomita 70, wangalipata sekunde 10 au pungufu kabla ya mawimbi mazito kuwafikia. Arua, kilomita 270, mawimbi yale huchukua sekunde kama 77. Kwa hiyo Arua ingalipata zaidi ya dakika moja. Dakika moja yatosha mama kumtoa mtoto mchanga nyumbani, yatosha kuzima jiko, na yatosha darasa zima kutoka uwanjani bila kukanyagana.

Hayo si mawazo matupu. Fikira yenyewe ni ya zamani kuliko gari la moshi la Uganda. Mwaka 1868, baada ya zilizala kuupiga upande wa San Francisco katika Marekani, Daktari J. D. Cooper aliandika katika gazeti la mji huo kwamba vyombo viwekwe mbali na mji, viunganishwe kwa waya za telegrafu, ili zilizala ikianza huko kengele ilie mjini. Fikira yake ilikuwa sahihi, lakini mitambo ya zama zake haikuwa tayari.

Walioitimiza kwa ajili ya umma, na kwa hali inayofanana sana na ya Arua, ni watu wa Mexico. Tarehe 19 Septemba 1985 zilizala iliyoanzia pwani ya bahari ya Pasifiki iliua maelfu ya watu katika mji mkuu wao, ulio mbali na pwani hiyo kwa zaidi ya kilomita 300. Umbali ule, ambao haukuwasaidia kitu siku ya msiba, wakaugeuza kuwa ngao. Mwaka 1991 walianza kutumia vituo 12 vilivyotegwa katika pwani ya Guerrero. Tarehe 14 Septemba 1995 zilizala kubwa ilipotokea huko, mji mkuu ulipata onyo la sekunde 72. Watu wa Japani nao walianza kutoa maonyo kwa nchi nzima mwezi wa Oktoba 1 wa mwaka 2007. Ilipokuja zilizala kuu ya 11 Machi 2011, mji wa Sendai ulionywa sekunde kama 15 kabla ya mtikisiko mkubwa, na treni za mwendo wa kasi zilizokuwa na abiria zilisimamishwa bila abiria hata mmoja kufa ndani yake.

Ni haki kutaja upungufu wa mitambo hii pamoja na sifa zake. Upungufu wa kwanza ni kwamba mtu aliye karibu sana na chanzo hapati onyo, kwa kuwa mawimbi humfikia kabla ya hesabu kwisha. Tarehe 19 Septemba 2017 zilizala ilianzia karibu zaidi na mji mkuu wa Mexico, si pwani, na katika sehemu nyingi za mji kengele zililia wakati ardhi imekwisha kuanza kutikisika. Upungufu wa pili ni kwamba mashine nayo hukosea. Tarehe 5 Januari 2018 onyo lilitolewa mpaka Tokyo, na mtikisiko mkubwa haukuja. Mashine ilikuwa imezichukua zilizala mbili ndogo za mahali mbalimbali kuwa moja kubwa. Upungufu wa tatu ni mzito kuliko yote, nao si wa mashine: chombo kisichotunzwa ni sawa na kisichokuwapo. Ndugu wa Goma wanalijua jambo hili. Kabla ya mlima Nyiragongo kulipuka usiku wa 22 Mei 2021, kituo cha kuuchunguza mlima huo kilikuwa kimepungukiwa fedha za kukiendesha, na wakazi hawakupata onyo la mapema.

Hali ya Uganda ikoje? Idara ya Upimaji wa Jiolojia na Migodi, yenye makao yake Entebbe, ndiyo yenye dhamana ya kuisikiliza ardhi, na Mbarara kuna kituo ambacho habari zake hutumiwa na wataalamu wa dunia nzima. Katika miaka ya 2006 na 2007 wataalamu walitega vyombo kwa muda kuizunguka milima ya Rwenzori, wakakuta kwamba ardhi ya huko hutikisika mara mamia kila mwezi, mara nyingi bila mtu kuhisi. Lakini kuandika zilizala baada ya kutokea ni jambo moja, na kuwaonya watu sekunde kabla haijafika ni jambo jingine. Kwa hilo la pili vituo vinatakiwa kuwa vingi, vya karibu karibu, na vyenye mawasiliano yasiyokatika mchana wala usiku.

Kwa upande wa Ayivu kuna neno moja la kuzingatiwa zaidi. Zilizala ya 1990 ilianzia ng'ambo ya mpaka. Ardhi haikuuliza hati za kusafiria ilipoitikisa Juba na Uganda kwa siku moja. Chombo kilichotegwa Arua kingeweza kuwaonya watu wa Arua kwa ile tofauti tu ya mawimbi mawili, yaani sekunde kama 30 kasoro muda wa hesabu. Ili ipatikane ile dakika nzima, lazima chombo kiwe upande wa chanzo, na habari yake ivuke mpaka bila kungoja ruhusa. Wakakwa wanakaa Koboko, Yei na Kongo. Walugbara wanakaa Arua na Aru. Na Waislamu wa pande zote hizo wameoana na wanazikana. Watu ambao tayari ni jamaa moja katika harusi na matanga wana kila sababu ya kuwataka wakubwa wao wa nchi tatu wawe kitu kimoja katika kuisikiliza ardhi.

Lakini isidhaniwe kwamba mpaka siku hiyo watu wakae mikono kifuani. Zilizala yenyewe haiui watu wengi. Kuta na paa ndizo ziuazo. Nyumba ya nyasi na fito huyumba na kusimama. Nyumba ya matofali yaliyoshikizwa kwa udongo, yenye kuta ndefu zisizofungamana pembeni, ndiyo ya kuogopwa. Dawa yake inajulikana na kila fundi mwaminifu: pembe za kuta zifumwe tofali kwa tofali, ukuta wa pembetatu chini ya paa ufungwe imara au ujengwe kwa kitu chepesi, na juu ya milango na madirisha upitishwe mkanda mmoja wa zege wenye nondo, uzunguke nyumba yote kama mshipi kiunoni. Gharama ya mkanda huo ni ndogo ukilinganisha na gharama ya nyumba. Jumuiya ijengayo msikiti, madrasa au shule, ambamo watoto mia hukaa chini ya paa moja, haina udhuru wa kuuacha.

Na kuna mafunzo ambayo hayana gharama yoyote. Mtu aliye chumba cha karibu na mlango wa nje, akiwa na nafasi, na atoke mpaka uwanja ulio mbali na kuta, mnara na nyaya za umeme. Aliye ndani sana, au ghorofani, na ajikinge chini ya meza imara huku akifunika kichwa, wala asikimbilie ngazi. Mwenye jiko na alizime. Walio msikitini wengi na watoke kwa safu, wa mlangoni kwanza, bila kusukumana. Maana msukumano mlangoni waweza kuua hata pale ambapo ukuta haukuanguka. Shule na madrasa zikifanya zoezi la jambo hili mara mbili kwa mwaka, watoto watalijua kama wajuavyo kushika udhu.

Linabaki swali moja ambalo wazee wenye heshima wamepata kuliuliza: je, kujitahadhari na zilizala si kukosa kutawakali? Jawabu lake limo katika desturi ya kila muumini. Asiyetaka kupoteza mnyama wake humfunga kwanza, kisha akatawakali. Mgonjwa hutafuta dawa, ilhali anajua kwamba mwenye kuponya ni Mwenyezi Mungu. Vile vile mwenye kutega chombo hadai kwamba ameizuia zilizala, wala hadai kujua ghaibu. Amesikia tu hatua za kile ambacho kimekwisha kuanza safari, akawaamsha waliolala. Kuihifadhi nafsi ya mwanadamu ni katika mambo makuu ambayo sheria imekuja kuyalinda, na mwenye kuweza kuwaonya majirani zake akanyamaza ana la kujibu.

Alfajiri ya Mei 1990 mawimbi yalikuwa njiani zaidi ya dakika moja kutoka upande wa Juba mpaka Arua. Muda huo ulikuwapo, lakini hapakuwa na aliyeweza kuutumia. Siku nyingine kama ile itakapokuja, na wakati wake aujuaye ni Mungu peke yake, muda utakuwapo tena, sekunde zile zile. Tofauti itakuwa katika mambo matatu: kama kuna chombo kinachosikiliza, kama kuna jirani aliye tayari kupeleka habari, na kama kuta za nyumba zimefungwa mshipi.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watu wa Ayivu, wa Koboko na majirani zao wa pande zote, awarehemu waliotangulia katika misiba ya ardhi, na awape walio hai bidii ya kujiandaa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.